Jinsi ya kutumia "shinda" bila kumwacha msomaji njia panda

Naandika hii baada ya kumsaidia mtoto wa jirani hapa Umoja, Nairobi, anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, karatasi ya Kiswahili ya lugha, ile 102/2. Mnyambuliko, yaani kubadilisha mwisho wa kitenzi kupata kingine, anaujua vizuri, lakini shinda ilikuwa inamtesa.

Hatua ya 1: Jua nani amemzidi nani.
Jeshi liliwashinda waasi. Mtu akiwa ndiye amezidiwa, weka kiambishi chake kwa kitenzi, alimshinda, waliwashinda.

Hatua ya 2: Kama ni nguvu za mwili, sema hivo.
Ukiandika "wezi walimshinda bawabu" msomaji anabaki kujiuliza, walimshinda mbio ama nini? Andika walimzidi nguvu ama walimlemea. Mimi napenda lemea, unasikia uzito.

Hatua ya 3: Angalia kilichokuja baada ya shinda.
Hapa ndio watu hupotea, kwa hivyo soma polepole. Shinda iko na maana ingine kabisa, kukaa mahali mchana kutwa, na zote mbili zinaandikwa vilevile. Chukua "Mama ameshinda mahakamani." Ameshinda kesi, ama ameketi kwa benchi tangu asubuhi akingoja faili iitwe? Sentensi haisemi, na hata ukiisoma kwa sauti bado haisemi. Dawa ni kuongeza neno moja: ameshinda kesi mahakamani, ama ameshinda mahakamani kutwa. Ikifuatwa na kesi, kura ama zawadi ni ushindi, ikifuatwa na mahali peke yake bado uko kwa shida. Alafu kuna "kazi imenishinda" na "huyu mtoto amenishinda", hapo kazi ama mtoto ndiye mshindi na wewe ndiye uko chini, na ni Kiswahili safi kabisa, usikubali mtu akukate alama.

Hatua ya 4: Shindwa.
Ikifuatwa na "na", kuna mtu amekuzidi: ameshindwa na ndugu yake. Ikifuatwa na kitenzi cha ku-, hakuna mpinzani, jambo limekataa tu: ameshindwa kulipa kodi ya nyumba.

Hatua ya 5: Nyambua kwa kalamu.
Shindana, shindania, shindika. Programu za kutafsiri ziache kabisa, zinaona ushindi kila mahali. Andika kila neno ndani ya sentensi yako mwenyewe, orodha tupu haisaidii mtu. Na shindia usiiruke, kwa sababu inabeba zile maana mbili za hatua ya 3: wakili amemshindia kesi, lakini watoto wameshindia turungi na mandazi. Swali likisema utunge sentensi mbili kutofautisha maana, hizo mbili zinatosha, badilisha tu wahusika.