Maombi Ndiyo, na Usingizi Pia: Jinsi ya Kumlea Mtahiniwa wa Shule ya Kanisa

Muhula wa pili ukielekea ukingoni, wazazi huanza kubisha mlango wangu na ombi moja: "Mwalimu, tuombee huyu mtoto." Nami hujibu kwamba nitamwombea, kisha huuliza, "Analala saa ngapi?" Hapo mzazi humtazama mtoto, mtoto hutazama sakafu.

Nafundisha CRE, yaani somo la dini ya Kikristo, na kushika ofisi ya ushauri nasaha katika shule ya kutwa inayodhaminiwa na kanisa, upande wa Jogoo Road hapa Nairobi. Nawaandikia wazazi, walezi, viongozi wa vijana kanisani na walimu wenzangu. Shule zetu hazina upungufu wa maombi: kuna ibada ya asubuhi, kuna CU (umoja wa wanafunzi Wakristo) au YCS (chama cha wanafunzi Wakatoliki), kuna wageni wa KSCF, ushirika wa Kikristo wa wanafunzi nchini, wikendi, kuna siku ya maombi ya watahiniwa. Kinachopungua ni mtu mzima mmoja anayeijua ratiba ya mtoto na asiyemtisha kwa jina la Mungu. Ukitaka kusaidia, kuwa huyo.

Kwanza, jua yuko kwenye mfumo upi

Siku hizi mifumo miwili inakaa ua mmoja. Waliofanya KCPE (mtihani wa darasa la nane) ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaoufunga mfumo wa zamani wa 8-4-4 kwa KCSE (mtihani wa kidato cha nne) ya 2027. Wale wa mtaala mpya wa umilisi (CBC) waliingia Gredi ya 10, yaani sekondari pevu, Januari 2026, wakiwa na mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Spoti.

Kwa mzazi wa shule ya kanisa tofauti kubwa iko hapa: katika mfumo mpya CRE ni somo la kuchagua ndani ya Sayansi za Jamii. Nimeona baba akikasirika kwamba binti yake wa STEM "ameacha Biblia". Hajaacha kitu. Ibada ipo, kasisi yupo. Usimlazimishe mtoto abadilishe mkondo ili akufurahishe wewe au mchungaji.

Kwa wa KCSE, kumbuka kwamba tangu 2023 gredi ya wastani hupatikana kwa Hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Kwa hiyo mtoto anayekimbilia CRE na Historia huku ameisusa Hisabati hajakwepa chochote.

Nyumbani, na ule ukumbi uliofungwa

Wanafunzi wangu wengi wanatoka Kayole, Umoja na Kaloleni. Nyumba ni chumba kimoja, kaka mdogo anatazama katuni, jirani ana spika kubwa kuliko kitanda. Kumwambia mtoto wa nyumba hiyo asome hadi saa sita usiku ni kumwonea. Ninachopendekeza ni alale saa tatu na nusu, aamke saa kumi na nusu alfajiri, ploti (nyumba za kupanga za ua mmoja) ikiwa imenyamaza. Hakikisha tokeni za stima hazikuishii usiku. Mwache anywe chai kabla ya kutoka. Simu ikae kwako tangu saa tatu usiku, na wewe uiweke ya kwako kando pia, maana watoto huona.

Jumamosi kuna maktaba. Ile ya KNLS (maktaba ya taifa) Buruburu hujaa mapema, hasa muhula wa tatu, kwa hiyo aende asubuhi na maji yake na vitafunio. Kaloleni kuna maktaba ya kaunti iliyokarabatiwa vizuri na shirika la Book Bunk, na iko karibu kwa wengi wa Eastlands. Maktaba ya McMillan pale Banda Street imekuwepo tangu 1931, lakini nauli ya kwenda mjini na kurudi ihesabu kwanza.

Sasa niseme na makanisa, kwa sababu hapa ndipo msaada mkubwa umelala. Kanisa lina ukumbi, viti, taa, choo na mlinzi. Jumatatu hadi Ijumaa jioni ukumbi huo umefungwa kwa kufuli, na mita mia moja kutoka hapo watahiniwa wanasomea kwenye ngazi za ploti. Fungueni. Hakuna haja ya mradi wenye bango. Mnahitaji watu wazima wawili kila jioni, wawili kweli, mmoja akichelewa mlango usifunguliwe. Mnahitaji daftari la kuandika jina na saa ya kuingia na kutoka, na sheria tatu: hakuna simu mezani, hakuna kuhubiri, hakuna masomo ya kulipia. Mama mmoja wa kanisa letu hupika uji wa wimbi kwenye sufuria kubwa, na ninaamini uji huo umevuta watoto kuliko mabango yetu yote. Fungeni saa moja na nusu, wasichana watoke kwa makundi kulingana na mtaa, na anayekaa mbali apitiwe na mzazi.

Hao watu wazima wawili si mapambo. Mtoto asibaki peke yake na mchungaji, mwalimu, wala kiongozi wa vijana ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa maombi. Ushauri ufanyike mlango ukiwa wazi au mahali panapoonekana. Na watoto wote waijue nambari 116 ya Childline Kenya, ambayo haitozi pesa na hujibiwa usiku na mchana. Ibandikwe chooni, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kutazamwa.

CRE haisahihishwi kama mahubiri

Watoto waliookoka hudhani CRE ni somo lao la bure, ilhali huangukia hapo hapo. Karatasi ya kwanza ni Agano la Kale pamoja na urithi wa kidini wa Kiafrika; ya pili ni Agano Jipya, hasa Injili ya Luka, na maisha ya Mkristo katika jamii ya leo. Kila karatasi ina maswali sita, mtahiniwa hujibu matano kwa saa mbili na nusu, kila moja alama 20.

Chukua swali la alama nane kuhusu matatizo aliyokumbana nayo Nehemia alipokuwa akijenga upya kuta za Yerusalemu. Mhubiri wetu mmoja wa CU, kijana mwenye kipaji, alijaza ukurasa mzima juu ya maadui wa mafanikio na jinsi tunavyopaswa kusimama imara, akamaliza kwa Amina. Nilimpa alama mbili, na hata hizo nilizitafuta. Mtahini anataka hoja: Sanbalati na Tobia waliwadhihaki, maadui walipanga kushambulia mji, wajenzi walichoka na vifusi vilikuwa vingi, maskini walilalamika kwamba ndugu zao matajiri wanawatoza riba na kuchukua mashamba yao, Nehemia aliandikiwa barua za kumchafulia jina, nabii wa uongo aliajiriwa ili amtishe. Hoja moja, sentensi moja kamili, mstari mpya.

Mzazi anaweza kusaidia hapa hata kama aliishia darasa la nane. Nina mama anayeuza mitumba Gikomba. Jioni anafungua Biblia yake ya Kiswahili, Nehemia sura ya nne hadi ya sita, na binti anamsimulia bila kutazama kitabu, akihesabu hoja kwa vidole. Akiruka moja, mama anakohoa. Baadaye binti anaziandika kwa Kiingereza, kama mtihani unavyotaka. Hakuna mwalimu wa kulipwa anayeshinda kikohozi hicho.

CU, kufunga na kesha

Siwakatazi watahiniwa kufunga au kukesha, na sikubali mwalimu anayewacheka. Lakini kuna mpangilio. Kesha ya Ijumaa inaua Jumamosi nzima, kwa hiyo katika muhula wa tatu iwe maombi ya jioni yanayoisha saa tatu. Kufunga kuwe siku zisizo na mtihani. Mtoto aliyeingia maabara kwa mtihani wa vitendo wa Kemia bila kitu tumboni, mkono unatetemeka na pipeti haisomeki. Kiongozi wa CU aliye kidato cha nne akabidhi uongozi muhula wa pili. Atalia kidogo, halafu atapumua.

Na tuwe macho na unabii. Akija mgeni anayetangaza mbele ya darasa kwamba "Mungu ameniambia hapa hakuna D", mtoto mwenye D za mwaka mzima hurudi nyumbani akiwa na mizigo miwili: Hisabati, na wasiwasi kwamba akifeli atakuwa amemwangusha Mungu. Mwalimu wa zamu na awe na ujasiri wa kumweleza mgeni mapema nini kisisemwe. Mimi huwapa karatasi fupi getini, na wengi huipokea vizuri.

Siku ya maombi

Ifanyike wiki mbili au tatu kabla ya karatasi za nadharia. Iwe saa mbili, isizidi. Wazazi wakae na watoto wao, si kwenye hema la wageni. Wapewe karatasi na kalamu wawaandikie watoto barua pale pale: mstari mmoja wa shukrani, mmoja wa kumkumbusha jambo alilolifanya vizuri, na mmoja wa kumwambia kwamba nyumbani patakuwa pake matokeo yawe yawayo. Mzazi asiyejua kuandika amwambie mtoto sikioni. Yule ambaye mzazi wake hakuja, na kila mwaka wapo, mwalimu wa darasa awe amekwisha kupanga nani atakaa naye. Hilo lisiachwe liamuliwe asubuhi hiyo.

Kuziombea kalamu sina tatizo nako. Nawaambia tu watoto kwamba kalamu iliyoombewa huandika kilichomo kichwani, na wanacheka.

Asiye wa dini yetu, na aliyeanza kutilia shaka

Shule ya umma iliyo chini ya mdhamini wa kanisa ina Waislamu, ina Waadventista wasiofanya kazi Jumamosi, ina wasio na dini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mdhamini kazi ya malezi ya kiroho huku ikimtaka alinde imani za wengine. Kwa vitendo: masomo ya ziada ya Jumamosi yawe na nafasi mbadala Jumapili alasiri au siku ya wiki, na msichana Mwislamu asitumwe kuongoza sala ili "ajifunze".

Mkristo anayekuja kukwambia haamini tena ni jambo jingine. Usimpeleke kwa kasisi kama anayepelekwa kuadhibiwa. Muulize, "Lini ulianza kuwaza hivyo?" kisha nyamaza. Mara nyingi jibu lina tarehe: siku baba alipozikwa, au siku karo ilipokosekana akarudishwa nyumbani wakati kanisa linachangisha pesa za vyombo vya muziki. Hapo unajua la kushughulikia.

Karatasi na pesa

Hili nitalisema haraka. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lilingane na lile la usajili wa KCSE, herufi kwa herufi. Kulirekebisha baadaye ni safari nyingi. Akifikisha miaka 18 aombe kitambulisho katika Huduma Centre, usisubiri matokeo. Fomu za basari za NG-CDF (mfuko wa maeneo bunge) na za kaunti huhitaji ripoti ya shule na sahihi ya chifu, na mara nyingi ya kiongozi wa dini pia, kwa hiyo wachungaji, tafadhali kaeni na muhuri karibu. Serikali hutenga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa sekondari ya umma, lakini chakula cha mchana katika shule ya kutwa ni chako mzazi, na pesa za serikali zikichelewa, shule hubana hapo kwanza. Ukikwama, njoo useme kabla mtoto hajaitwa kwenye foleni ya wanaorudishwa nyumbani.

Mtihani ukiisha

Kati ya Novemba na matokeo, mtoto asikae bure. Kompyuta, kazi ya duka la shangazi, kufundisha Sunday school, lolote lenye saa ya kuanza.

Matokeo yakitoka, C+ na kuendelea inafungua mlango wa digrii kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, na chini ya hapo kuna diploma na vyeti katika vyuo kama Kabete National Polytechnic. Kaeni chini pamoja na orodha ya kozi. Mwulize anataka kufanya nini, usimwambie kanisa linahitaji mwanasheria. Angalieni alama za kozi hiyo mwaka uliopita, jazeni nafasi zote mlizopewa kuanzia anayoitaka zaidi hadi ile anayoweza kuipata bila shaka, na msingoje siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo mtandao hulemewa na foleni ya saiba (duka la intaneti) hufika barabarani.