Ndege Mmoja, Dakika 10: Namna ya Kuchunguza Ndege wa Porini Wanavyokula

Wengi wetu tukianza kutazama ndege huhesabu aina: leo 12, jana 9. Si vibaya, ila ukirudi nyumbani hujui hata mmoja wao alikula nini. Mwongozo huu ni wa kukaa na ndege mmoja mpaka akuonyeshe.

Hatua ya 1: Vifaa. Darubini ya 8x42 inatosha. Inavuta mara 8, na kioo chake cha mbele cha milimita 42 huingiza mwanga wa kutosha alfajiri. Inayovuta mara 12 hutetemeka mno mkononi. Beba saa, daftari na penseli. Wino ukipata umande, maandishi yamekwisha.

Hatua ya 2: Wahi, kisha tulia. Jua likichomoza, ndege wadogo wengi wana njaa ya usiku kucha, na hapo ndipo hula kwa pupa. Keti jua likiwa mgongoni kwako. Usiandike kitu kwa dakika 15 za mwanzo, maana ukifika tu wote wanakushughulikia wewe. Ndege akiacha kudonoa, akainua shingo na kukukodolea jicho, uko karibu mno. Rudi nyuma taratibu.

Hatua ya 3: Chagua mmoja, usimwache. Kazi yenyewe iko hapa. Macho yetu hukimbilia vituko: ugomvi, mawindo, manyoya yenye rangi kali. Basi daftari hujaa vituko, na asubuhi nzima ya kudonoa mbegu kimyakimya haimo. Dawa yake ni kumteua ndege mmoja, kumfuata kwa dakika 10, na kila sekunde 30 kuandika anachofanya papo hapo, hata kama "amekaa tu". Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani, alizichambua njia za namna hii mwaka 1974, nazo kwa ndege zinafaa vilevile. Akijificha majanini, andika "haonekani", usibahatishe. Mimi hutumia vifupisho: DN kudonoa, PK kupekua, AN kuangaza, MN kutengeneza manyoya.

Hatua ya 4: Andika tendo, si dhana. Mwezi mzima niliandika "anakula matunda" juu ya ndege mmoja aliyekuwa haondoki kwenye mti wa matunda. Siku niliyomkazia macho nikaona mdomo haugusi nyama ya tunda hata kidogo: alikuwa akiokota wadudu waliojazana kwenye matunda yaliyooza. Kurasa zote zile nikazipiga mstari. Siku hizi naandika "ametia mdomo kwenye tunda", nikaishia hapo mpaka nione alichotoa.

Chozi, ndege mdogo anayefyonza maji matamu ya maua, naye mjanja. Ua likiwa refu, mara nyingine haingii mlangoni. Hutoboa tundu ubavuni, karibu na kikonyo, akafyonza maji matamu bila kugusa chavua. Ukimtazama juu juu utaandika kwamba amechavusha, kumbe ameiba.

Hatua ya 5: Tazama mdomo na namna anavyomeza. Mdomo mfupi mnene ni wa kupasua mbegu. Uliopinda kama ndoana ni wa kurarua nyama. Hilo ni rahisi. Utamu uko kwa mdiria. Akinasa samaki humpigapiga tawini mpaka atulie, kisha humgeuza ammeze kichwa kwanza, mapezi yasije yakamkwama kooni. Ukiona kichwa cha samaki kimeelekea nje ya mdomo, samaki huyo si wake: anampelekea mwenzi au makinda. Usimfuate kiotani. Njia utakayoikanyaga huwafikisha wezi wa mayai.

Hatua ya 6: Okota mabaki. Chini ya mti anaposhinda bundi utakuta matonge ya manyoya na mifupa aliyoyatapika. Vaa glavu, loweka tonge kwenye maji, lichambue kwa kibano. Asidi ya tumbo la bundi si kali kama ya mwewe, kwa hiyo mara nyingi fuvu la panya hutoka zima, na meno yake.

Hatua ya 7: Hesabu. Dakika 10 hukupa alama 20. DN zikiwa 14, katika asilimia 70 ya alama zako alikuwa akidonoa. Sasa rudi saa nane mchana, mahali palepale, uhesabu DN upya.