Nani kamuua mbuzi? Somo la wanyama wala nyama kwa watoto wa miaka 9 hadi 13

Muulize mtoto kuhusu fisi, atakujibu kuwa ni mwoga, mlafi, tena mla mizoga. Ukianza hapo hapo kumhubiria uhifadhi, atakariri majibu ya mtihani na moyoni atabaki vilevile. Afadhali umpe kesi aichunguze: mbuzi kafa usiku, nyayo zipo mchangani, mtuhumiwa ni yupi? Tenga vipindi viwili vya dakika 40.

Anza na mihuri ya nyayo. Kata soli za kandambili kuukuu, uzibandike kwenye vibao kwa gundi ya viatu. Fuata vipimo halisi: unyayo wa mbele wa simba dume una urefu wa karibu sm 13, wa fisi madoa sm 10, wa chui sm 8 au 9. Wengi hunakili picha za vitabuni zilizopunguzwa, simba na chui wakatoka sawa, na rula ikakosa kazi.

Wote weka vidole vinne. Mbele ya vidole vya fisi chomeka njiti za kiberiti zilizochongwa ziwe kucha. Simba na chui huzificha kucha wakitembea, kwa hiyo hazionekani. Duma ni jamii ya paka, lakini kucha zake haziingii ndani zote, nazo huacha alama. Muhuri wake uonyeshe mwishoni, watoto wakishajiona mabingwa. Atakayemtambua ni aliyekagua sehemu pana ya nyuma ya unyayo: kwa paka, ukingo wake wa nyuma una mabonge matatu, kwa fisi imekaa upande, na mabonge hayo hayapo.

Sanduku la mchanga liwe m 1 kwa sm 60, kina sm 5. Chekecha mchanga, nyunyiza maji hadi ukiufinya ushikamane bila kuchuruzika. Ukiwa mkavu alama hubomoka. Ukilowa sana hunata kwenye muhuri na kingo hung'oka. Kila sanduku watoto watano au sita, si zaidi.

Kisha gawa kadi mbili za ushahidi. Ya kwanza: majeraha ya meno kooni, mzoga umeburutwa na kupandishwa mtini. Huyo ni chui, watampata upesi. Ya pili ndiyo yenye kazi: nyayo za fisi tele, mifupa imesagwa, lakini penye alama za meno hakuna damu iliyovilia chini ya ngozi. Waache wabishane kwanza. Mnyama aking'atwa angali hai, damu huvilia. Akiwa ameshakufa, haivilii. Fisi alikuta mzoga tayari. Hapo usisahau kusema kwamba fisi madoa ni mwindaji hodari na huua sehemu kubwa ya chakula chake, la sivyo watatoka wakiamini kwamba hawezi kuua mbuzi.

Kipindi cha pili, waulize: mwenye mbuzi akiutia mzoga sumu, nani atakula? Andikeni ubaoni: simba, fisi, mbweha, tumbusi. Tumbusi hushuka kwa makundi, hivyo mzoga mmoja unaweza kuua makumi, na wengi wao hutaga yai moja tu kwa msimu. Wafanye hesabu wenyewe ya miaka ya kurudisha kundi.

Darasani akiwamo mtoto ambaye kwao mifugo imeliwa, usimwambie simba ana faida. Muulize zizi lilikuwaje: ua una urefu gani, una mapengo, mlango unafungwa kwa kitu gani? Mara nyingi mlango ndio dhaifu kuliko ua wote. Mpe chaki achore, wenzake waonyeshe pa kuimarisha.

Malizia uwanjani kwa zoezi la usalama. Ukikutana na simba, usikimbie wala usimpe mgongo, kwani kukimbia humchochea kufukuza. Mtazame, rudi nyuma polepole, wadogo wakae katikati ya kundi. Mwalimu awe simba. Atakayegeuka anaanza upya.