Bima ikimkatalia mzazi wako Marekani, usingoje kesho

Mama alikuwa na siku 11 tangu abadilishiwe nyonga. Akitaka kusimama anashika fremu ya kutembelea kwa mikono inayotetemeka, na chooni haendi bila mtu. Alhamisi saa tisa alasiri, kituo cha mazoezi ya viungo hapa Columbus kikanipa karatasi: bima yake ya Medicare Advantage (yaani Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ikiendeshwa na kampuni binafsi) inaacha kulipia Jumamosi. Weka sahihi hapa.

Weka. Sahihi inasema umeipokea, haisemi umekubali. Kisha tafuta kwenye karatasi hiyo hiyo namba ya QIO, wakaguzi wa nje wasio watu wa bima, uwapigie kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla ya malipo kukoma. Kwetu ilikuwa Ijumaa. Nilipiga saa mbili asubuhi, nikaeleza kwamba mlangoni kwetu kuna ngazi nne na Mama hajapanda hata moja.

Halafu omba faili la mgonjwa, ulisome. Hapa ndipo wazee wetu wanapoponzwa na adabu. Kila asubuhi mtaalamu wa mazoezi alimuuliza Mama anaendeleaje, naye akajibu kama alivyolelewa Moshi: "Sijambo, namshukuru Mungu." Mkalimani akatafsiri sawasawa, na siku sita mfululizo faili likaandikwa kwamba hana malalamiko. Bima ikasoma hayo. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia, "Mama, hawa hawakusalimii, wanakupima. Sema panapouma." Akaona huko ni kudeka mbele ya watoto wa watu. Tukakubaliana ataje hatua tu: leo nimetembea hatua 12, nimeshikwa mara mbili. Hesabu hakuionea haya. Ikaingia kwenye faili, na malipo yakaendelea wiki mbili zaidi.

Kama tiba imekataliwa kabla haijaanza, njia ni nyingine. Una siku 65 tangu tarehe ya barua kukata rufaa kwa bima yenyewe. Daktari akiandika kwamba kusubiri kunaweza kumdhuru mgonjwa, lazima wajibu ndani ya saa 72. Mwombe pia ataje kanuni ya Medicare inayoruhusu tiba hiyo, maana tangu 2024, pale Medicare ilipokwisha kuweka masharti yake, bima hizi haziruhusiwi kuongeza makali yao. Wakishikilia msimamo, faili linakwenda kwa mkaguzi huru bila wewe kuomba. Ili umsemee mzazi, jazeni fomu CMS-1696 mapema, kabla hajalazwa. Ukikwama, kila jimbo lina washauri wa bure wa SHIP.

Wengi wanaishia kwenye barua ya kwanza, na hilo linaniuma. Mwaka 2023 bima za Medicare Advantage zilikataa maombi milioni 3.2 ya kibali cha tiba, yote au sehemu. Katika kila 100, kama 12 tu ndiyo yaliyokatiwa rufaa, na katika kila rufaa 100, zaidi ya 80 zilifaulu.

Rufaa ikiisha, mwandikie seneta wako. Muswada wa kurekebisha vibali hivi vya kuombwa kabla ya tiba kwa wazee ulipita Baraza la Wawakilishi Septemba 2022, ukakwama Seneti, ukarudishwa tena 2025. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe bima ilipoombwa, tarehe ilipojibu, na mzee alilala wapi siku za katikati.