Namna ya kumsalimia mgeni wa Bihar bila kumrushia Kihindi cha filamu

Hii nawaandikia hasa vijana wenzangu wa gatini hapa Amu, yaani Lamu, wenye mashua na wale wa kutembeza wageni, maana mchezo wetu naujua na mimi mwenyewe nimeucheza miaka. Akishuka Mhindi tu tunamrukia na "namaste, aap kaise hain" tulizookota kwa filamu, halafu tunangoja atoe meno. Wengi wanatoa kweli. Lakini siku moja nikapata wageni wawili marafiki, wa jimbo la Bihar huko India, nikawapiga namaste yangu, wakajibu vizuri tu, kisha wakageukiana wakaanza stori zao na mimi mwenye masikio ya filamu sikushika kitu. Nikauliza hicho ni Kihindi gani. Mmoja akacheka sana, akasema yeye kwao Chhapra, anaongea Kibhojpuri, na mwenzake ni wa Darbhanga, yeye ana Kimaithili, wakikaa pamoja wanachanganya tu mpaka mambo yanaenda. Tulizunguka nao siku tatu kwa mashua, na haya ndio niliyotoka nayo, mengine nimeyatafuta baadaye.

Kwanza usiulize "unaongea Kibihari?" Bihar ni jimbo, na hilo jina la Bihari kwa lugha zote za upande ule lilienezwa na George Grierson, afisa wa Muingereza aliyesimamia ule uchunguzi mkubwa wa lugha za India, yaani ni jina la makaratasi. Nyumbani kwao mtu ana Kibhojpuri, au Kimaithili, au Kimagahi cha upande wa Patna na Gaya, na kuna zingine kama Kiangika na Kibajjika. Wala haziishii Bihar, Kibhojpuri kinavuka mpaka Banaras na Gorakhpur ambazo ziko Uttar Pradesh, na Kimaithili kinaingia Nepal, tena kule ni cha pili kwa wingi wa watu baada ya Kinepali. Kwa hivyo wewe uliza kwao wapi, kwa Kibhojpuri: "Raur ghar kahan ba?" Akishataja mji, ushajua nusu.

Na usithubutu kusema ni Kihindi kilichoharibika. Wataalamu wengi wanaziweka lugha hizi upande wa mashariki, karibu na Kibengali, lakini sensa ya 2011 Kibhojpuri chenye watu kama milioni 50 kilihesabiwa ndani ya Kihindi, na Kimagahi vilevile. Kimaithili ndicho kilichopenya, mwaka 2003 kikatiwa kwenye orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba ya India. Mimi hili liliniingia haraka, maana ukienda bara ukasema ndoo na moya na mato kwa Kiamu, yaani njoo na moja na macho, mtu anakuangalia kama aliyekosea Kiswahili, na wewe umeongea lugha ya bibi yako safi kabisa.

Sasa utajuaje nani ni nani kabla hata hujauliza? Tega sikio mwisho wa sentensi, pale kwenye "ni" yao. Ukisikia "ba" inajirudia rudia, huyo ni Mbhojpuri, mwambie "Ka haal ba?", yaani hali vipi, naye atakujibu "Thik ba", nzuri. Ukisikia "achhi" na "chhi", huyo wa Kimaithili, mwambie "Kehan chhi?" na jibu lake ni "Neek chhi", mzima. Wa Kimagahi utasikia "hai" au "hau", huyo ni rahisi kumchanganya na Mhindi wa kawaida, mimi bado ananipita.

Heshima usiichezee. Kibhojpuri kina wewe tatu, "te" ya mtoto au mtu mlokua naye, "tu" ya kawaida, na "rauwa" ya mkubwa na mgeni. Shika rauwa, hizo zingine ziache mpaka mwenyewe akuzoee. Akija na mzazi wake kuna salamu nzuri sana, "gor lagat bani", maana yake nakushika miguu, na wanainama kweli kuigusa. Niliposikia nikawaambia ngoja kwanza, si hio ndio shikamoo yetu! Maana nayo ni kushika miguu, sisi tu tumebaki na neno, mkono haushuki tena. Mzee atakujibu "khush raha", uwe na furaha, hio ndio marahaba yao.

Upande wa matamshi sisi wa Amu tuna bahati ambayo mtu wa Nairobi hana. Unajua vile tunatofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama, ile ya pili unaitoa na pumzi? Wao ni hivyo hivyo, na wakiandika kwa herufi hizi zetu pumzi wanaiwekea h. Sasa mpishi wetu wa mashuani, kijana wa Shela, siku ya kwanza samaki imeiva na wali wa nazi umekaa tayari, akataka kujionyesha, akasimama akapiga kelele "kana! kana!" Wageni wakaangaliana. Khana yenye pumzi ni chakula, kana kavu ni mwenye chongo, na yule wa Darbhanga siku hio alikuwa amevimba jicho la kushoto kwa maji ya chumvi. Walicheka mpaka mashua ikayumba. Yeye wala hakukasirika, kwao samaki na wali, maachh-bhaat, ndio chakula chenyewe, alikula sahani mbili na jicho lake moja.

Kitu kingine Mswahili atakishika haraka ni vitendo vya Kimaithili. Sisi tunasema nilikuona, nilimuona, na yule aliyeonwa yumo humo humo ndani ya neno. Wao pia wanambana mwishoni, "dekhliyau" nilikuona, "dekhliyai" nilimuona. Ila hizo ni za rafiki, mtu mzima ana miisho yake ya heshima na hapo mimi nilisalimu amri.

Akija mgeni wa Mauritius usimpite pia. Wahindi wa reli yetu wengi walitoka Punjab, lakini meli za vibarua wa mkataba kuanzia 1834 ziliwapeleka Wabhojpuri wengi Mauritius, na baadaye Guyana, Trinidad, Suriname, Fiji. Nyimbo zao za harusi za Kibhojpuri za Mauritius, Geet Gawai, ziliingia orodha ya UNESCO 2016, huo mji wetu wa kale uliingia ya kwake 2001, kwa hivyo stori ya kuanzia mnayo. Kijana wao anaweza kukujibu Kifaransa, lakini jaribu "ka haal ba" kwa mama yake.

Mwisho rekodi kwa simu, mwambie mgeni akusemee pole pole, usitegemee vile nimeandika hapa. Mpishi wetu anayo sauti ya khana kwenye simu yake, anaisikiliza kabla ya kupakua, na bado siku mbili kwa tatu anawaita wageni wenye chongo.