Somo: Kumpiga mtu foto akilipa jua mgongo, kwa flashi ndogo

Wandugu, Jumamosi jioni maarusi wanashuka ziwani, na wapiga picha wengi wa Goma wanawasimamisha uso juani. Macho yanafumba, vivuli vinajaa chini ya pua. Wageuzeni! Walipe jua mgongo, mabega yapate ukingo wa mwanga, uso uangaziwe na flashi.

Anza saa kumi. Saa sita jua liko utosini, hakuna wa kulipa mgongo. Ukitazama magharibi ufukweni kwetu, ziwa linakaa mkono wako wa kushoto. Panga picha kwa kulijua hilo.

Hatua ya 1. Flashi izimwe. Kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi f/8 (namba ikipanda, tundu linakuwa dogo na mwanga unapungua). Piga, kisha tazama mbingu tu. Imekuwa nyeupe? Nenda f/11. Imekuwa nzito mno? f/5.6. Mtu atatoka mweusi kabisa, usishtuke.

Hatua ya 2. Washa flashi, nayo kwenye M, robo ya nguvu, ukiwa mita 2. Flashi ya namba 36 (namba ya nguvu yake, kwa mita na ISO 100), ukigawanya kwa 8 ya f/8, inafika mita 4.5 kwa nguvu zote. Kwa robo, nusu ya hapo. Uso bado giza, panda hadi 1/2. Umezidi, shuka hadi 1/8. Tundu usiliguse tena, maana linabadilisha mbingu na uso pamoja.

Hatua ya 3, na hapa ndipo kazi ilipo: ngozi nyeusi kando ya gauni jeupe. Ukiiachia flashi ijipimie, gauni linaidanganya na uso wa bibi arusi unazama. Ndiyo sababu nang'ang'ania M. Inua kichwa cha flashi kidogo, mwanga mkali upite usoni, gauni libaki na makombo. Bwana arusi wa suti nyeusi akae upande wa flashi.

Halafu mawe yetu ya lava: yanameza mwanga wote, hayarudishi kitu chini ya kidevu. Tandika shuka jeupe mbele ya miguu yao, nje ya picha. Watu watacheka, waache.

MASWALI

Dada wa Himbi: Nikiweka 1/1000, chini ya picha kunatokea ukanda mweusi.
— Dada, pazia za shata zinakuwa zimeshaanza kufunga flashi inapowaka. Kamera nyingi mwisho wake ni 1/200 au 1/250. Kuna flashi zinazokubali kasi zaidi, lakini nguvu inapungua sana.

Ndugu wa Katindo: Mteja anataka nyuma pawe na ukungu, f/2.8.
— Funga kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mara 8 mbele ya lenzi. Kutoka f/8 hadi f/2.8 ni mara 8 hizo hizo, kwa hiyo flashi inabaki ilivyo.

Ndugu wa Keshero: Na flashi ya ndani ya kamera?
— Nyingi ni kama namba 12: kwa f/8, mita 1.5. Inatosha uso na mabega. Vua kofia ya lenzi, ile ya duara inayozuia jua, la sivyo itatupa kivuli chini ya picha.

Mama wa Majengo: Nina familia ya watu kumi.
— Mama, ngoja saa kumi na moja na nusu, mbingu ikishapoa. Kwa f/4 na nguvu zote unafika mita 9. Kabla ya hapo wapige wawili wawili.