Jinsi ya Kuingia Upigapicha wa Habari Jeshini Ukiwa na Kazi Nyingine

Dereva wa lori, karani wa ghala au fundi wa redio anaweza kujikuta mpigapicha wa habari wa jeshi bila kuwahi kuipanga kazi hiyo. Mlango ni ofisi ya habari ya kikosi, ambayo mara nyingi ina shughuli nyingi kuliko watu. Anza kwa mkuu wako wa karibu, usimruke. Akiridhia, omba kusaidia kwenye gwaride, uvishaji wa vyeo na michezo. Kazi hizi huchosha, lakini ndizo zinazoonyesha kama unawahi, unajua pa kusimama, na picha zako zinafika ofisini siku ileile.

Usikimbilie kununua kamera. Kinachowaangusha wengi ni maelezo ya picha, kwa sababu picha nzuri isiyo na majina hubaki kabatini. Tembea na kijitabu na penseli, maana kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi iliyolowa. Mwombe askari mwenyewe akuandikie jina, cheo na kikosi chake. Sentensi ya kwanza iseme nani anafanya nini, wapi na lini: "Koplo fulani wa kikosi cha wahandisi anakaza boliti ya daraja la muda katika mazoezi ya kuvuka mto," kisha mahali na tarehe. Ya pili ieleze mazoezi hayo ni ya nini. Ukiandika "Askari wakiwa kazini" hujaeleza chochote.

Medani zenye vumbi zinataka kamera mbili: moja na lenzi ya milimita 24–70 kwa mandhari pana na watu wa karibu, nyingine 70–200 kwa vya mbali. Ukibadilisha lenzi vumbini, chembe hutua kwenye sensa, kipande kinachonasa picha ndani ya kamera, na kuonekana kama madoa angani katika kila picha. Helikopta ipige kwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya sekunde 1/125 hadi 1/200. Ukienda 1/2000 pangaboi huganda na chombo huonekana kama kimening'inizwa kwa kamba. Kwa kasi ndogo hiyo picha kadhaa zitatikisika, kwa hiyo piga nyingi. Usiku zima taa ya kusaidia fokasi na punguza mwanga wa skrini. Kitone kimoja cha mwanga kinatosha kuonyesha mlipo. Zima pia GPS ya kamera, inayorekodi mahali picha ilipopigwa.

Mahali pa kusimama huamuliwa na msimamizi wa usalama wa mazoezi, wala si uzuri wa pembe. Hilda Clayton, mpigapicha wa jeshi la Marekani, alikufa Julai 2, 2013 mkoani Laghman, Afghanistan, bomu la mzinga mdogo wa mota lilipolipuka ndani ya mtutu wakati wa mazoezi aliyokuwa akiyapiga picha. Vaa kofia ya chuma, fulana ya kinga na vizibo vya masikio hata kwenye mazoezi.

Kabla ya kutuma, kuza kila picha na ukague nyuma ya mtu: ramani ukutani, skrini ya redio yenye masafa, kitambulisho kifuani, nywila iliyobandikwa kwenye kompyuta. Mateka wa vita wana ulinzi wao. Kifungu cha 13 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 kinataka wakingwe na matusi na udadisi wa umma, kwa hiyo usitoe picha inayomtambulisha mateka. Kukata kingo na kurekebisha mwanga kunaruhusiwa. Kufuta hata waya mmoja ni kusema uongo kwa niaba ya jeshi zima.

Baada ya miezi kadhaa chagua picha 12: nyuso, mikono ikiwa kazini, mandhari pana, usiku, na mfululizo mmoja wa picha 5 unaosimulia tukio moja. Kila moja iwe na maelezo kamili. Peleka kwa afisa habari pamoja na barua ya kuomba kozi au uhamisho, iliyopita kwa mkuu wako. Jeshini Marekani kozi hii hutolewa katika Defense Information School, Fort Meade, Maryland. Kwingineko, mwulize afisa habari kozi ipo wapi na maombi hufungwa lini. Ukikataliwa, uliza ni picha ipi iliyokuangusha, kairudie, na uombe tena awamu ijayo.